Sarafu ya ajabu: mali au chenji tu?

Ukiuziwa sarafu ya ajabu sokoni Namanga au Busia, usiharakishe kulipa zaidi ya thamani yake. Jiulize kwanza: kasoro hii ilitokea kiwandani, au ni kazi ya nyundo na tindikali?

Picha ikiegemea upande mmoja, upande wa pili ukabaki mtupu, huenda ni kosa la kiwandani: chuma hakikukaa sawa chini ya chapa. Mikwaruzo na ukingo uliosagwa ni uharibifu. Ipime kwa mizani ya sonara pamoja na sarafu ya kawaida. Iliyosagwa hupungua uzito.

Sarafu adimu machoni si lazima iwe na kosa. Shilingi 40 ya Kenya ya mwaka 2003 ilitolewa makusudi kuadhimisha miaka 40 ya uhuru.

Makosa ya kweli yapo. Mwaka 2008 Uingereza ilitoa peni 20 zisizo na mwaka, baada ya chapa ya zamani kuunganishwa na mpya. Wakusanyaji huzinunua kwa bei kubwa.

Bei ni ile anayotoa mnunuzi, si anayotaja muuzaji. Wala usiing'arishe, utaipunguzia thamani.