Hesabu ya Umeme: Jinsi ya Kujua Kama Waya Yako Itastahimili Mzigo

Mto Tana ndio chimbuko la sehemu kubwa ya umeme unaotokana na maji nchini Kenya. Kando ya mpaka wa Embu yamejengwa mabwawa mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Siku hizi umeme umefika katika maduka, shule na nyumba nyingi za Meru na Embu, na huko Mbeere na Tharaka, mahali palipo mbali na nguzo, watu hutumia paneli za sola. Hata hivyo, waya iliyobebeshwa mzigo kupita kiasi yaweza kuunguza nyumba nzima. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye nyumba azijue hesabu mbili ndogo ambazo hata mtoto wa shule aweza kuzifanya.

Kwanza na tufahamu maneno manne. Fikiri juu ya maji yatelemkayo kwa bomba kutoka mlimani. Msukumo wa maji ni mfano wa volti. Wingi wa maji yapitayo kwa kila nukta ni mfano wa ampea. Wembamba wa bomba, unaoyazuia maji, ni mfano wa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Kazi ifanywayo na maji hayo kwa kila nukta, kama kuzungusha gurudumu la kinu, ni mfano wa wati.

Mwaka 1827 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Georg Ohm alitangaza kanuni inayounganisha mambo matatu ya kwanza. Ukitaka kujua ukinzani, gawanya volti kwa ampea. Ukitaka kujua nguvu, yaani wati, zidisha volti kwa ampea. Basi hizo ndizo hesabu zenyewe.

Tuchukue mfano wa pasi. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Ikiwa pasi inavuta ampea 5, ukinzani wake ni 240 kugawanywa kwa 5, yaani omu 48. Nguvu yake ni 240 mara 5, yaani wati 1,200. Pasi hiyo ikivuta umeme kwa saa moja bila kukatika, mita itahesabu yuniti 1.2, kwa maana yuniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja.

Sasa tuangalie nyumba yenye sola na betri ya volti 12. Vyombo vyake vikivuta ampea 5 zile zile, nguvu yake ni 12 mara 5, yaani wati 60 tu. Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kwa kuwa volti ni chache, waya yo yote itatosha. Lakini kinachoipasha waya moto ni ampea, na ampea ni zile zile.

Waya nayo ina ukinzani wake. Waya ya shaba yenye unene wa milimita mraba 1.5, ikivutwa mita 20 kwenda na mita 20 kurudi, ina ukinzani wa karibu nusu omu. Ampea 5 zikipita humo, volti 2.5 hupotea njiani. Katika volti 240 hasara hiyo haionekani. Katika volti 12 ni zaidi ya sehemu moja ya tano, na taa itafifia. Kwa hiyo mwenye sola hana budi kununua waya nene zaidi na kuiweka betri karibu na vyombo.

Tena, joto la waya halikui sawasawa na ampea. Katika waya hiyo, ampea 5 huleta joto la wati 12.5, lakini ampea 20 huleta wati 200. Ampea zimeongezeka mara 4, joto limeongezeka mara 16! Mtu akichomeka birika la wati 2,200, pasi ya wati 1,200 na jiko dogo la wati 1,000 katika waya moja ya kuongezea, jumla ni wati 4,400. Gawanya kwa 240, utapata ampea zaidi ya 18, hali plagi yake imewekewa fyuzi ya ampea 13. Fyuzi ikikatika, imeiokoa nyumba. Anayeiondoa na kuweka kipande cha waya mahali pake amemfukuza mlinzi wake.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo sababu umeme wa Tana hupelekwa Nairobi kwa volti 220,000. Mitambo ya Gitaru yaweza kutoa wati milioni 225. Kwa hesabu nyepesi, tukiziacha kando zile waya tatu zinazogawana mzigo, nguvu hiyo kwa volti 240 ingehitaji ampea 937,500. Kwa volti 220,000 zatosha kama ampea 1,023. Hakuna waya ya nguzo iwezayo kuistahimili ile ya kwanza.

Msomaji akumbuke kwamba hesabu hizi ni sahihi kwa pasi, birika na vyombo vya sola. Kwa mashine zenye mota, kama vinu vya kusaga, afuate maandishi ya kibao kilichobandikwa juu ya mashine. Na asifungue nyaya za nyumba mwenyewe, bali amwite fundi mwenye leseni. Kazi yake yeye ni kusoma kibao cha kila chombo, kujumlisha wati, kuzigawanya kwa volti, na kuhakikisha kwamba ampea hazizidi uwezo wa waya na fyuzi. Afanye hivyo kabla ya kununua waya, wala si baada ya kuona moshi.