Boksi la meinswichi: Kwa nini fundi mmoja anataka Sh180,000 na mwingine Sh740,000?

Aliyegundua tatizo ni mtoto wa dada yangu, mwenye miaka minne. Alitoka kuoga, miguu ikiwa bado na maji, akaenda kufungua friji nyumbani kwa bibi yake. Akapiga kelele na kurudi nyuma. "Bibi, friji limeniuma!"

Hakuumia, tunamshukuru Mungu. Lakini tulipombana mama, alikiri kwamba hata yeye alikuwa akihisi shoti ndogo kwa wiki kadhaa. Dawa yake ilikuwa kuvaa ndala kila anapofungua friji.

Waliitwa mafundi wawili. Wa kwanza alifungua boksi la meinswichi, lile ambalo mafundi wengi huliita DB, akasema boksi limezeeka na breka ni ndogo. Atabadilisha vyote kwa Sh180,000 na kumaliza kabla ya mchana. Wa pili alitumia saa nzima. Alipanda darini, akafungua soketi mbili za jikoni, akaenda nyuma ya nyumba kukagua ethi. Karatasi yake ilisomeka Sh740,000.

"Fundi, mbona boksi ni lile lile?" mama alimuuliza, akiamini kabisa kwamba anaibiwa.

Swali lake ni la wazazi wengi, hasa sasa ambapo vifaa vya umeme vinaongezeka majumbani. Mimi huandika habari za afya, na nimekuwa nikiwahimiza wazazi waachane na moshi wa mkaa jikoni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na jiko la umeme ni mojawapo ya njia hizo. Ila nyumba nyingi zilitandazwa nyaya kwa ajili ya taa, redio na televisheni tu. Ndiyo maana nilikaa na fundi wa pili, tukapitia karatasi yake mstari kwa mstari.

Breka kukata ni dalili

Mtoto akiwa na homa, mzazi hatibu kipimajoto. Ndivyo ilivyo kwa breka. Kazi yake ni kukata umeme pale waya unapobebeshwa mzigo kuliko uwezo wake, au pale nyaya zinapogusana.

Fundi akiondoa breka ya ampia 20 na kuweka ya 32 bila kugusa waya, kero ya kukatika itakwisha. Ila waya ule ule mwembamba utaachwa upate moto juu ya dari, na hakuna kitakachoukatia. Hapo boksi jipya linakuwa hatari kuliko la zamani.

Mzigo wa nyumba

Jambo la kwanza linalopandisha au kushusha gharama ni vifaa ulivyonavyo na unavyotarajia kununua. Hesabu yake ni rahisi. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, gawanya kwa volti 230, utapata ampia.

Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampia 24. Birika la wati 2,000 linavuta karibu 9, pasi ya wati 1,200 inavuta 5, na jiko la presha la wati 1,000 linavuta zaidi kidogo ya 4. Sasa fikiria saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanajiandaa kwenda shule, na vyote vimewashwa. Jumla ni karibu ampia 42.

Utaona kwamba mzigo mkubwa hapo ni hita, wala si jiko la presha. Anayetaka kuongeza jiko tu huenda asihitaji kazi kubwa. Anayeongeza hita au kiyoyozi atahitaji njia yake ya peke yake kutoka kwenye boksi, yenye waya mnene na breka yake.

Nyaya, ukuta na dari

Hapa ndipo pesa nyingi huishia. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita 1.5 na soketi wa 2.5, wakati hita na majiko makubwa huhitaji wa 4 au 6. Kadiri waya unavyonenepa ndivyo shaba inavyoongezeka, na bei ya shaba hupanda na kushuka kwenye soko la dunia. Umbali nao una uzito wake. Hita iliyo ukuta mmoja na boksi itakula mita chache za waya, iliyo upande wa pili wa nyumba itakula nyingi.

Kisha kuna kazi yenyewe. Kama mabomba ya kupitishia nyaya yana nafasi, fundi anavuta waya na kumaliza. Kama hayana, inabidi kupasua ukuta, kupiga lipu upya na kupaka rangi. Kwa hiyo ukipanga kukarabati nyumba, anza na umeme, rangi ije baadaye.

Usikimbilie waya wa bei rahisi usio na alama ya ubora ya TBS. Waya bandia huwa na shaba pungufu kuliko kilichoandikwa, na huwezi kulijua hilo kwa kuutazama kwa nje.

Ethi

Turudi kwenye friji la mama. Umeme ulikuwa unavuja kwenye bodi lake la chuma. Ethi nzima ingeupeleka ardhini. Lakini waya wa ethi ulikuwa umekatika nyuma ya nyumba, hivyo umeme ulikuwa unasubiri mtu wa kupitia, na mtu huyo akawa mtoto mwenye miguu iliyolowa. Ngozi yenye maji hupitisha umeme kirahisi kuliko ngozi kavu.

Fundi wa kwanza hakuigusa ethi kabisa. Friji lingeendelea kuuma, safari hii likiwa na boksi jipya ukutani.

Gharama ya ethi hutegemea ardhi. Kwenye udongo wenye unyevu, fimbo moja inaweza kutosha. Kwenye mchanga mkavu au mwamba, fundi anaweza kuhitaji fimbo zaidi, na anapaswa kupima kwa kifaa badala ya kukisia.

Pamoja na ethi, omba swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD. Ile ya miliampia 30 hukata umeme mara inapohisi unavuja, ukiwemo unaopita mwilini mwa mtu. Breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo, kwa sababu umeme unaotosha kuua ni mdogo mno kwa breka kuuhisi.

Upande wa TANESCO

Mita ya LUKU na waya unaotoka kwenye nguzo si mali ya kuguswa na fundi wako. Kama mzigo umezidi uwezo wa njia moja ya umeme, utalazimika kuomba TANESCO wakupandishe kwenda njia tatu, na hiyo ina malipo yake. Familia nyingi hazifiki huko. Fundi akikwambia unahitaji njia tatu, mwombe akuoneshe hesabu ya ampia.

Kabla hujalipa

Muulize fundi kama ana leseni ya EWURA. Mwambie aandike mchanganuo: boksi, breka, RCD, nyaya kwa unene na mita, ethi, na ufundi. Muulize ni waya upi anaubadilisha na upi anauacha, na kwa nini. Mwambie aache nafasi mbili tupu kwenye boksi. Zitakuokolea pesa siku ukiongeza kifaa.

Kama fedha haitoshi, kazi inaweza kugawanywa. Anza na ethi na RCD. Njia ya hita isubiri, na hita yenyewe isubiri pia.

Na likitokea la kutokea, usimshike mtu aliyenaswa na umeme. Zima meinswichi kwanza. Ikishindikana, simama pakavu na umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu umeme unaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa mama tulichanga, kazi ikafanyika kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilikuwa ethi, RCD na kulitengeneza friji. Mjukuu wake sasa anafungua friji kila anapotaka. Mama bado anavaa ndala. Anasema ni mazoea tu.