Ulimi Uliofungwa: Masomo na Ustawi wa Mwanafunzi katika Akademia za Kutwa za Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, neno "akademia" halimaanishi baraza la wanazuoni. Humaanisha shule ya kibinafsi, aghalabu ya kutwa, iliyobanwa kwenye ploti moja au mbili baina ya nyumba za kupangisha za Umoja, Kayole, Donholm, Dandora au Huruma. Humo ndimo maelfu ya watoto wanamopata elimu ya msingi, na humo ndimo wengi wetu tunaosomea ualimu wa Kiswahili tutakamoajiriwa kwanza.

Makala hii inanuia kueleza uhusiano wa mambo mawili ambayo wenye shule na wazazi huyatenga: masomo ya mwanafunzi na ustawi wake. Ustawi hapa una maana ya usalama wa mwili, utulivu wa moyo na hisia ya mtoto kwamba anathaminiwa mahali alipo. Hoja yetu ni kuwa desturi ya kumwadhibu mwanafunzi kwa kusema Kiswahili, ambayo hutetewa kwa jina la masomo, huudhuru ustawi wake na kuyadhuru masomo yenyewe. Suala hili linamhusu mwalimu wa Kiswahili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Chimbuko la Akademia

Serikali ya kikoloni iliutenga upande wa mashariki wa Nairobi uwe makazi ya wafanyakazi Waafrika. Mitaa kama Kaloleni, Makongeni na Bahati ni masalio ya mpango huo. Baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970, ilifuata mitaa mipya kama Buruburu, Umoja na Dandora. Idadi ya watu iliongezeka kwa kasi kuliko shule za umma, na pengo hilo likazibwa na watu binafsi, makanisa na vikundi vya jamii.

Mambo mawili yaliupa mkondo huo nguvu. Kwanza, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mtihani wa KCPE ulikuwa ndio mlango wa kuingilia shule ya upili, na wastani wa alama ukawa bidhaa ambayo shule iliweza kuitangaza kwa mabango. Pili, elimu ya msingi bila malipo ilipoanzishwa Januari 2003, madarasa ya umma yalifurika, na wazazi waliohofia msongamano wakageukia akademia.

Isidhaniwe kuwa waliogeuka ni matajiri pekee. Utafiti wa Oketch na wenzake (2010), uliofanywa chini ya Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, ulilinganisha Korogocho na Viwandani, ambayo ni makazi ya mabanda, na mitaa ya Harambee na Jericho, ambako hali ni nafuu. Ulibainisha kwamba watoto wa mabandani ndio waliosomea zaidi katika shule zisizo za serikali, ilhali wale wa Harambee na Jericho walitumia zaidi shule za umma. Kwa hivyo, karo ya akademia hutoka mara nyingi kwa mzazi asiye na akiba, na mzazi wa aina hiyo hudai kuona matokeo upesi.

Siku ya Mwanafunzi

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaagiza kuwa vipindi katika shule za kutwa, ziwe za umma au za kibinafsi, viwe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni muda wa michezo na shughuli nyinginezo. Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo.

Anayepita Jogoo Road au Outering Road kabla ya mapambazuko huwaona watoto wenye sare tayari wamo njiani. Siku ya mwanafunzi katika akademia si chache huanza kabla ya saa ya kisheria na kwisha baada yake. Uwanja wa michezo, pale unapokuwepo, ni ua mwembamba wa saruji. Tena, mpango wa serikali ya kaunti wa chakula cha mchana ulioanza mwaka 2023 ulilenga shule za umma, kwa hivyo mlo wa mwanafunzi wa akademia hubaki mzigo wa mzazi.

Hata mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ushindani haukukoma. Mtaala wa Umilisi umeleta tathmini ya Gredi ya 6 na ile ya Gredi ya 9, ambayo ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Mabango yamebadilishwa maneno tu. Mtoto aliyechoka, mwenye njaa na asiyecheza ana ustawi haba, na hilo hukubaliwa na kila mtu. Dhara lisilotajwa ni lile la ulimi.

Diski na Adhabu ya Kusema

Diski ni kipande cha mbao, cha plastiki au cha bati. Asubuhi hukabidhiwa mwanafunzi wa kwanza kupatikana akisema lugha isiyoruhusiwa. Naye hukaa chonjo hadi amsikie mwenzake akiteleza, kisha humpokeza. Jioni, majina ya waliokishika hufuatwa nyuma mmoja baada ya mwingine, na wote huadhibiwa. Katika baadhi ya akademia, Kiswahili huruhusiwa siku moja kwa juma na wakati wa kipindi chake. Nyakati nyingine huwa ni kosa sawa na lugha za mama na Sheng.

Desturi hii si ngeni. Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind (1986) ameeleza jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa kwa kusema Kikuyu, na jinsi kifungo kilivyopitishwa kutoka mkono hadi mkono ili kuwanasa. Katika karne ya 19 watoto wa Wales nao walivishwa kibao shingoni kwa kusema lugha yao. Leo Kiwelisi ni lugha ya kufundishia katika shule nyingi za huko, ilhali sisi tungali na kibao.

Athari zake kwa ustawi ni bayana. Diski humfanya mtoto kuwa jasusi wa rafikiye. Wakati wa mapumziko, ambao ungekuwa wa kupumzisha akili, huwa wa kuviziana. Zaidi ya yote, anayeadhibiwa mara nyingi ni yule apendaye kusema, kwa kuwa njia ya hakika ya kukwepa diski ni kunyamaza.

Athari kwa Masomo

Watetezi wa desturi hii husema kuwa Kiingereza ndicho lugha ya mitihani na ya ajira. Hoja hiyo ina uzito, na mzazi wa Kayole anayejinyima ili mwanawe akimudu Kiingereza hastahili kubezwa. Hata hivyo, kukataza lugha moja si kufundisha nyingine. Mtoto hajifunzi msamiati wa Kiingereza kwa kunyang'anywa ule wa Kiswahili alio nao.

Nadharia za ujifunzaji lugha zinaliunga mkono jambo hili. Cummins (1979) anadai kuwa umilisi wa lugha ya kwanza na ule wa lugha ya pili hutegemeana, hivi kwamba stadi zilizojengwa katika moja huhamia katika nyingine. Krashen (1982) naye anaeleza kuwa hofu na aibu ni mfano wa kichujio kinachozuia lugha isimwingie mjifunzaji. Ikiwa ni hivyo, diski hubomoa msingi wa lugha ya kwanza na papo hapo kuziba njia ya lugha ya pili.

Upo pia ukinzani na sera. Umilisi wa kwanza kati ya saba unaotajwa katika Mtaala wa Umilisi ni mawasiliano na ushirikiano. Mtaala huohuo unataka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, ambayo mijini ni Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha aitakayo. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, nayo sheria ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kisaikolojia.

Sheng na Lawama Zake

Alama za insha zinapodidimia, lawama hutupiwa Sheng. Ni kweli kwamba Sheng ilishamiri Eastlands kuanzia miaka ya 1970, na watafiti kama Githiora (2018) wameiona kuwa aina ya Kiswahili cha mazungumzo iliyokita mizizi nchini. Lakini tujiulize: mtoto wa Dandora atakizoea wapi Kiswahili sanifu? Nyumbani na mtaani anasikia Sheng, na shuleni anaadhibiwa kwa Kiswahili chochote kile. Diski haitofautishi sentensi sanifu na ya mtaani. Hivyo, inakifukuza Kiswahili sanifu mahali pekee ambapo kingefunzwa, na kuiacha Sheng nje ya lango, isikoweza kufikiwa na diski.

Wajibu wa Mwalimu wa Kiswahili

Mwalimu kijana anayelipwa mwezi kwa mwezi hawezi kumkabili mwenye shule siku ya kwanza na kudai diski itupwe. Huenda akatupwa yeye. Hata hivyo, dakika 35 au 40 za kipindi ziko mikononi mwake, na zipo hatua anazoweza kuzichukua.

Kwanza, asikubali kipindi chake kiwe cha kimya. Wanafunzi wajadiliane, waigize na waulize maswali kabla ya kuandika. Pili, awaongoze kuweka daftari la maneno lenye safu tatu: neno la mtaani, neno la Kiswahili sanifu na neno la Kiingereza. Kwa njia hiyo Sheng huwa daraja, na mwanafunzi hufunzwa kuchagua sajili ifaayo muktadha. Tatu, ashirikiane na walimu wa sayansi na hisabati ili wanafunzi waruhusiwe kufafanuliana dhana kwa Kiswahili katika makundi, kisha watoe majibu kwa Kiingereza. Nne, awaelekeze kwenye maktaba za umma za Kaloleni na Makadara, ambazo zimefanyiwa ukarabati, na awaandae kwa tamasha za drama na muziki, ambako Kiswahili huleta sifa badala ya adhabu.

Hatimaye, azungumze na wazazi. Katika mkutano wa shule, mtoto asimame atoe hotuba kwa Kiswahili, kisha aieleze kwa Kiingereza. Mzazi akishuhudia kwamba lugha moja haikuiua nyingine, mwenye shule naye atasikiliza, kwa maana karo hutoka kwa mzazi huyo.

Hitimisho

Tumeeleza kuwa akademia za Eastlands zilizaliwa na uhaba wa shule na kukuzwa na ushindani wa alama, na kuwa ushindani huo umeurefusha muda wa masomo na kuufunga ulimi wa mwanafunzi. Saa za masomo na chakula cha mchana vinahitaji sheria, fedha na ukaguzi. Diski haihitaji lolote kati ya hayo ili ikome. Inahitaji mwalimu asiyekubali kuipokeza. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Wengi wetu tutakabidhiwa darasa la Gredi ya 4 huko Umoja au Huruma, na huenda kipande kile cha mbao kikawa tayari mezani kikitungoja.