Runinga za Simba na Yanga zimeingia sebuleni, mzazi akae wapi?

Mtoto wa darasa la tano wa Mwisenge, Musoma, anaweza asilijue jina la mwenyekiti wa mtaa wake, lakini akakwambia Simba walifanya mazoezi saa ngapi jana na ni mchezaji gani hakuonekana. Yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na pengine timu hiyo hajawahi kuiona uwanjani kwa macho yake. Habari zote hizo amezipata kwenye simu ya mama. Aliyempa si mwandishi wa habari, ni klabu yenyewe.

Hapo ndipo malezi ya leo yanapotofautiana na ya zamani. Babu wa mtoto huyo aliufuata mpira kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako mtangazaji mmoja aliwatangazia wote, wa Simba na wa Yanga. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Vikaja vibanda umiza, kisha ving'amuzi vya nyumbani. Sasa kila klabu kubwa ina chaneli yake, na kiganja cha mtoto kinatosha kuifungua.

Ilikoanzia

Wazo hili lilianza Uingereza. Middlesbrough ilianzisha chaneli yake mwaka 1997, Manchester United ikafuata na MUTV Septemba 1998, na mwaka 1999 Real Madrid na Barcelona nazo zikaingia.

Nchini mambo yalikwenda kwa namna yake. Azam TV ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013, ikiwa chini ya kampuni za Bakhresa, ambazo pia zina klabu ya Azam FC. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba na TFF wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Mwaka huohuo ilisaini na Yanga mkataba wa miaka 10 wa maudhui ya klabu hiyo, uliotajwa kuwa wa takriban Sh41 bilioni.

Kwa maneno mengine, mazoezi, safari, mahojiano na utambulisho wa wachezaji wapya vimekuwa bidhaa, na thamani yake inahesabiwa kwa mabilioni.

Baadaye simu ikachukua nafasi ya king'amuzi. Barcelona iliifunga Barça TV mwishoni mwa Juni 2023 ili kupunguza gharama, ikaelekeza nguvu mtandaoni. Simba na Yanga nazo zina chaneli zao YouTube, ambako mtazamaji wa Musoma anahitaji bando tu.

Faida zipo

Mzazi asikimbilie kufunga. Chaneli hizi zinazungumza Kiswahili, na zinamwonyesha mtoto kwamba mchezaji anaamka mapema, anasikiliza kocha na anafanya mazoezi kila siku.

Kwa mtoto wa kike ipo faida ya ziada. Simba Queens na Yanga Princess hupata nafasi huko, tofauti na enzi ambazo msichana angesikia habari za timu za wanaume tu. Simba Queens walipofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake nchini Morocco mwaka 2022 na kumaliza nafasi ya nne, binti wa Mwisenge aliweza kujiona ndani ya picha ile.

Nusu ya habari

Tatizo ni kwamba chaneli ya klabu ni msemaji wa klabu. Kazi yake ni kuipenda timu, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya unaanza pale mtoto anapodhani kwamba ndiyo taarifa ya habari.

Mfano ni mechi ya watani wa jadi ya Machi 8, 2025. Simba walitangaza kutocheza, wakisema walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Yanga walisisitiza mechi ipo na wakafika uwanjani. Bodi ya Ligi iliiahirisha, na ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Mtoto aliyefuata chaneli moja tu alipata nusu ya mgogoro, na nusu hiyo aliipeleka shuleni kugombana na mwenzake aliyebeba nusu ya pili.

Mfano mwepesi zaidi ni Haji Manara. Hadi Julai 2021 alikuwa msemaji wa Simba. Agosti mwaka huo akatambulishwa Yanga. Mtu ni yuleyule na ufundi wa maneno ni uleule, jezi ndiyo iliyobadilika. Mtoto akiuelewa mfano huo, ameshajua tofauti ya msemaji na mwandishi.

Jezi na kamari

Jambo zito zaidi liko kifuani mwa jezi. Mwaka 2017 Simba na Yanga zote zilidhaminiwa na kampuni ya kubashiri ya SportPesa. Mwaka 2022 Simba ilihamia kwa M-Bet, kampuni ya kazi hiyohiyo. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini haimzuii kuona nembo ya kampuni hizo mamia ya mara kwa wiki kwenye video za mazoezi. Kabla hajafika umri huo, jina limeshamkaa kichwani kama la ndugu wa familia.

Mzazi ndiye wa kulisema hili waziwazi: kampuni ile iko pale kwa sababu wengi wanaobashiri wanapoteza fedha.

Afanye nini?

Kwanza, tazama naye. Dakika 15 za pamoja zinampa mzazi nafasi ya kuuliza: “Hapa nani anazungumza? Anataka tuamini nini? Upande wa pili wanasemaje?”

Pili, wekeni kiwango cha bando na muda, kisha kifuatwe na wote, baba naye akiwemo. Mtoto hawezi kuzima simu ilhali baba anatazama uchambuzi hadi saa sita usiku.

Tatu, angalia sehemu ya maoni. Utani wa jadi ni mtamu ukiwa utani, ila chini ya video nyingi kuna matusi ambayo mtoto atayaleta nyumbani bila kujua uzito wake.

Nne, mwonyeshe mpira usio na kamera nyingi. Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2021 na kuitoa Dikhil ya Djibouti. Safari yake ya kwenda Libya kuivaa Al Ahly Tripoli ilikwama, na mwaka 2022 ikashuka daraja. Watoto wengi wa mji huu hawaijui hadithi hiyo, kwa kuwa haina chaneli kubwa ya kuisimulia. Siku kukiwa na mechi Uwanja wa Karume, mshike mkono mwende. Akiuliza kwa nini timu ya nyumbani haionekani kwenye simu, mtakuwa na mazungumzo ya kutosha njia nzima ya kurudi Mwisenge.