Mvurugiko wa Hewa Ubavuni mwa Ndege na Kuharibika kwa Taswira

Atazamaye kitu kwa juu ya jiko la mkaa hukiona kikicheza, ingawa chenyewe kimetulia. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, na nuru itokapo katika hewa nzito kuingia katika nyepesi hupinda kidogo. Zikichanganyika ovyo, kila mwali hushika njia yake, na taswira huchafuka.

Ndivyo ilivyo kwa darubini ichukuliwayo na ndege. Mfano ulio wazi ni SOFIA, ndege ya Boeing 747SP ya Marekani na Ujerumani, iliyotazama nyota toka mwaka 2010 hata mwaka 2022 kwa darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.7. Iliruka kilomita 12 hata 14 juu, ili iache chini yake zaidi ya asilimia 99 ya mvuke wa maji, ambao huzuia nuru ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Ubavuni kushoto, nyuma ya bawa, palikuwa na tundu kubwa lililofunguliwa angani, wala halikuzibwa kwa kioo.

Hapo ndipo penye mashaka. Hewa ya nje ilipita kwa kasi mdomoni mwa tundu, na ya ndani karibu imetulia. Zilipokutana zilifanya vizingia, kama mto uendao mbio kando ya maji yaliyosimama. Wahandisi waliuinamisha ukingo wa nyuma wa tundu, mkondo upae bila kulifanya livume kama chupa ipulizwayo mdomoni. Vizingia vilipungua, havikwisha.

Madhara yake hupimwa kwa urefu wa wimbi. Mwali ukicheleweshwa nusu ya elfu moja ya milimita, hiyo ni karibu wimbi zima la nuru ya kijani, na taswira yake huharibika kabisa. Kwa wimbi la infraredi lenye urefu mara mia, ni sehemu moja tu katika mia.

Wengi huyaita haya msukosuko, neno lile lile la abiria aliyetikiswa kitini. Ni kuchanganya mambo mawili. Darubini ya SOFIA, yenye uzito wa tani 17, ilielea juu ya mafuta yenye shinikizo ili isitikiswe na ndege. Lakini hewa mdomoni mwa tundu ilivurugika hata safari ilipokuwa shwari kabisa. Heri msukosuko uachiwe abiria, na hewa ipewe mvurugiko.