Tuijue Injini ya Pikipiki: Somo la Bantam



Katika barabara ya Rejaf kuingia Juba, pikipiki ni chombo cha kazi, kama lilivyo jembe kwa mkulima. Injini ikifa, jasho la miezi mingi limepotea. Yafaa basi tujue inavyofanya kazi. Tutajifunza kwa pikipiki moja ndogo ya Kiingereza, BSA Bantam, iliyoundwa mjini Birmingham tangu 1948 hadi 1971.

Asili yake si Uingereza. Ni DKW RT 125, kazi ya kiwanda cha Zschopau, Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Pili washindi waliuchukua mchoro wake kama fidia. Waingereza waliugeuza, wa kushoto ukawa kulia, ili giya ikanyagwe kwa mguu wa kulia kama walivyozoea.

Sifa yake kubwa ni urahisi. Bantam ya kwanza ilikuwa na silinda moja ya sentimita za ujazo 123 na giya 3, na injini na giyaboksi vilikaa katika kasha moja. Injini ni ya mipigo miwili. Haina valvu, pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, hufungua na kuziba matundu ya silinda. Vyuma ni vichache, na fundi mwenye spana chache huweza kuifungua. Posta ya Uingereza iliwapa vijana wake wa kupeleka simu za maandishi.

Lakini urahisi huo una sharti lake. Oili ya kulainisha injini huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Ukitia petroli tupu, pistoni hupata joto na kukwama. Hata ukiteremka mlima mrefu huku umefunga mafuta, injini hukosa petroli na oili pamoja.

Boda boda nyingi za leo ni za mipigo minne. Hizo zina valvu, na oili yake hukaa chini ya injini. Usiitie tangini, maana itatoa moshi na kuchafua plagi. Ipime kwa kijiti chake, uibadilishe kwa wakati.

Basi, ndugu, kabla ya kutoa fedha yako kununua pikipiki, muulize muuzaji: oili ya injini hii hutiwa wapi? Asiyejua kukujibu, usimlipe kwanza. Mwite fundi.