Kompyuta Kuukuu Yaweza Kutunza Vitabu vya Chama

Mkulima wa Mbozi anapofikisha kahawa yake katika ghala la chama cha msingi, huondoka na stakabadhi tu. Kahawa yenyewe huenda kukobolewa, kisha hupelekwa mnadani, na malipo ya pili humfikia baada ya muda mrefu. Katika kipindi hicho chote haki yake imo katika tarakimu alizoandika karani. Zikipotea hakuna la kupima upya, kwa kuwa mzigo umekwisha kuuzwa. Kwa hiyo swali la mahali zinapotunzwa tarakimu hizo halipaswi kuachiwa mafundi. Ni swali la bodi ya chama.

Ofisi inayotegemea kompyuta moja ya karani hujiweka katika hatari inayojulikana. Karani akiugua, hakuna ajuaye faili iko wapi. Faili ikihamishwa kwa flashi kutoka kwa karani hadi kwa mhasibu, na kutoka kwake hadi kwa meneja, mwisho wa msimu hupatikana orodha tatu za wanachama zisizolingana, na kila mmoja huapa kuwa yake ndiyo sahihi. Dawa yake ni seva, yaani kompyuta moja isiyozimwa, isiyokaliwa na mtu, ambayo kazi yake ni kuhifadhi faili za ofisi nzima na kuwapa wale tu walioruhusiwa. Chama cha akiba na mikopo cha Tunduma, ambacho hakina ghala wala mizani, kinaihitaji vilevile kwa ajili ya daftari la mikopo.

Si lazima inunuliwe mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima haziwezi kupokea Windows 11. Mashine ya namna hiyo, yenye kumbukumbu ya GB 2 au zaidi, yatosha kabisa kwa kazi hii. La kuangaliwa ni kichakato chake kiwe cha biti 64, kwa sababu Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32. Diski nayo ipimwe kwa programu ya smartctl. Ikionyesha dalili za kuchoka, inunuliwe nyingine.

Debian ni mojawapo ya mifumo ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, na hutolewa bila malipo ya leseni. Programu huria za aina hii si ngeni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Makarani watakaotumia seva, hata hivyo, hawalazimiki kuijua Linux. Wataendelea na kompyuta walizozizoea.

Usakinishaji ni kazi ya nusu siku. Kwanza kila kilichomo katika mashine kinakiliwe kwingine, maana diski itafutwa yote. Kisha Debian hupakiwa katika flashi, mashine huwashwa kwa flashi hiyo, na maswali hujibiwa moja baada ya jingine. Palipoulizwa mazingira ya picha, alama iondolewe. Seva haihitaji madirisha wala rangi. Ibakizwe alama ya SSH, ambayo humwezesha fundi kuihudumia akiwa kwenye kompyuta nyingine ya ofisi. Mashine ipewe anwani isiyobadilika, na iunganishwe na rauta kwa waya.

Kompyuta mpakato inafaa kuliko ya mezani, kwa sababu mbili. Betri yake huivusha umeme unapokatika, na ulaji wake ni mdogo. Mashine inayokula wati 20 mchana na usiku humaliza uniti 14 na kidogo kwa siku 30. Ya mezani inayokula wati 60 humaliza uniti 43. Lakini mpakato ukifunikwa hulala, na seva iliyolala ni sawa na ghala lililofungwa. Basi katika faili /etc/systemd/logind.conf uandikwe mstari HandleLidSwitch=ignore, kisha mashine iwashwe upya. Betri iliyovimba iondolewe mara moja, kwa kuwa yaweza kushika moto. Katika mashine ya zamani, kibetri kidogo cha saa nacho kibadilishwe: kikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na mkaguzi atakuta kahawa iliyopokelewa kabla chama hakijaandikishwa. Wakati wa mvua na radi, kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme si anasa.

Kugawana faili hufanywa na programu iitwayo Samba. Ndani yake folda ya mapokezi iandikwe na karani, isomwe na meneja. Ya hesabu iandikwe na mhasibu peke yake. Kila mtu awe na neno lake la siri. Neno moja la ofisi nzima halina maana yoyote, kwa sababu tarakimu ikibadilishwa haitajulikana nani aliibadilisha.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni nakala. Seva bila nakala imekusanya hatari zote mahali pamoja. Programu ya rsync yaweza kunakili faili zote kila usiku kwenye diski ya nje, lakini nakala ya kila siku iwekwe katika folda yenye tarehe yake. Karani akiharibu orodha jioni, na nakala ikawa moja tu, usiku nakala nzuri itafunikwa na mbovu. Diski ziwe mbili, zibadilishwe kila wiki, na ile iliyopumzika isilale katika jengo la ofisi. Moto na mwizi havichagui diski. Kwa kuwa itabebwa nje, ifungwe kwa usimbaji, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia majina na namba za simu za wanachama. Kila mwezi mjumbe mmoja wa bodi achague mwanachama yeyote, afungue taarifa zake kutoka kwenye nakala, na azilinganishe na kitabu cha stakabadhi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa isihesabiwe kuwa nakala.

Seva hii isifunguliwe kwa intaneti, hata kama fundi atasema ni rahisi. Wala haichukui nafasi ya mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, au ya vitabu vinavyotakiwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013.

Anwani ya mashine, hatua zilizofuatwa na mahali zilipo diski viandikwe katika daftari. Neno la siri la msimamizi litiwe katika bahasha yenye lakiri, ndani ya kasiki. Karani anapoondoka, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo, kabla hati ya makabidhiano ya ghala haijatiwa sahihi.